Tununue Sola kwa Mwethya

Ndugu zangu wa Machakos, paneli inayofungwa juu ya mabati kule Yatta na ile inayofungwa Sydney huenda zimetoka nchi moja, maana zaidi ya asilimia 80 ya paneli za dunia hutengenezwa China. Gharama ya kufungiwa ndiyo inayotofautiana. Mmarekani hulipa takriban dola 3 kwa kila wati; Mwaustralia hulipa chini ya nusu yake. Kule Marekani pesa nyingi huliwa na vibali vya kila mji, ukaguzi na gharama za kutafuta wateja. Australia makaratasi ni machache, na mafundi wameizoea kazi, hivyo nyumba nyingi humalizwa kwa siku moja.

Kwetu bei hupandishwa na mengine. Mzigo huagizwa kwa dola. Kodi nayo haitabiriki: Sheria ya Fedha ya 2020 iliviwekea vifaa vya sola VAT, ya 2021 ikaiondoa. Anayelipia kidogokidogo kwa M-Pesa humaliza deni akiwa ametoa zaidi ya aliyelipa taslimu. Halafu kuna safari. Fundi akitoka Machakos mjini hadi Masinga kwa ajili ya nyumba moja, nauli yake, siku yake na usafiri wa betri vyote humwangukia mteja mmoja.

Hilo la mwisho liko mikononi mwetu. Sisi ni watu wa mwethya, kazi ya pamoja ya kikundi. Matuta yaliyookoa udongo wa vilima vyetu yalichimbwa na vikundi. Nyumba kumi za kijiji kimoja zikiagiza pamoja, gari litakuja mara moja, fundi atashinda hapo hapo, na mwenye duka atalazimika kuzungumza bei ya jumla.

Tafadhali, msikubali kupewa bei moja isiyochanganuliwa. Muuzaji aandike kila kitu kwenye mstari wake: paneli na wati zake, betri na aina yake, inveta, nyaya, vyuma vya kushikilia paneli, kazi, usafiri, muda wa waranti. Fundi naye aonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli. Sheria inamtaka awe nayo. Tusikimbilie wa bei ya chini anayeunga nyaya nyembamba kwa selotepu, kisha betri ife mapema tulipe upya.

Kwenye kikao kijacho cha chama chetu, kila mmoja aje na orodha ya taa, simu na televisheni anazotaka kuwasha, na kwa saa ngapi kila usiku. Tuanze na hesabu hiyo, kabla mtu yeyote hajatoa shilingi.