Kudai Chako Siyo Usaliti

Juzi pale Malimbe, kwenye kibanda umiza tunachojazana kila wikiendi, ubishi wa zamani umefufuka. Azam walikuwa wanacheza, Feisal Salum akagusa mpira, na jamaa mmoja nyuma akapiga kelele: "Msaliti huyo!" Nusu ya kibanda ikacheka, nusu ikanuna. Mimi nilinuna, na naomba nieleze kwa nini.

Tukumbushane kidogo. Desemba 2022 Fei Toto, kiungo aliyetoka Zanzibar akajiunga na Yanga mwaka 2018, aliingiza kwenye akaunti ya klabu Sh milioni 112. Milioni 100 zilikuwa za kuvunja mkataba na milioni 12 ni mshahara wa miezi 3. Piga hesabu mwenyewe: milioni 4 kwa mwezi, kwa mchezaji aliyekuwa mhimili wa timu ya Taifa na wa mabingwa wa nchi. Yanga wakarudisha hela, wakasema mkataba ni hadi 2024 na hauvunjwi na upande mmoja. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba mapitio, Machi akagonga mwamba. Akakaa nje miezi yote hiyo huku wenzake wakifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwishowe, Juni 2023, ni Rais Samia aliyewaambia viongozi wa Yanga, walipoalikwa Ikulu, walimalize suala lile. Siku chache baadaye Azam wakamtambulisha.

Hoja ya wanaomwita msaliti ni moja: klabu ilimtoa mbali. Sawa. Lakini klabu hiyohiyo, kama ilivyo kwa klabu zote, dirisha likifunguliwa inampa mtu "Thank You" kwa picha moja ya Instagram, na sisi tunaweka kopakopa. Hakuna anayeuliza huyo aliyeachwa ana watoto wangapi. Klabu ikipima faida yake tunaiita mipango. Mchezaji akipima ya kwake tunamwita mwenye tamaa. Na miguu ya mpira haina umri wa kustaafu wa miaka 60. Ukipata goti baya ukiwa na miaka 24, milioni 4 inageuka hadithi.

Hata hivyo sitaki kumpamba. Kisheria alishindwa, na alishindwa kwa sababu ambayo sisi wasomi tunapaswa kuielewa. Mfanyakazi wa kawaida asiye na mkataba wa muda maalumu, anayelipwa kwa mwezi, akitoa taarifa ya siku 28 kwa Sheria ya Ajira ya 2004, anaondoka. Mchezaji hana mlango huo. Kanuni za FIFA zinamtaka amalize muda wake, awe na sababu halali ya kuvunja, au wakubaliane. Mlango wake wa wazi ni miezi 6 ya mwisho ya mkataba, ambapo anaruhusiwa kusaini kwingine. Kwa hiyo nguvu yake kubwa ya kugoma ipo kabla wino haujakauka. Ukishasaini, unabaki kuomba.

Na hapo ndipo panaponiuma. Nina mshikaji darasani, beki wa kushoto, anayechezea timu moja ya daraja la chini hapa mkoani. Alisaini miaka 2 juu ya boneti ya gari, baada ya mazoezi, jua likizama. Nakala hakupewa. Posho ikikatwa hajui adai kwa kifungu gani, na timu nyingine ikimtaka hajui mkataba wake unaisha lini. Huyu hana Rais wa kumsemea. Fei Toto alikuwa na jina, mwanasheria, na nchi nzima ikibishana juu yake, bado ilimchukua nusu mwaka.

Tangu Pamba Jiji warudi Ligi Kuu mwaka 2024, vijana wengi wa Mwanza wanaota tena CCM Kirumba. Wapo humu chuoni, tunakaa nao foleni ya chakula. Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: Waziri wa Michezo akae na wenzetu wa Sheria, wafungue meza, hata Jumamosi moja kwa mwezi, mchezaji alete mkataba usomwe kabla hajasaini. Haihitaji bajeti. Inahitaji kiti na mtu mwenye macho.

Na wewe unayecheka, kumbuka mwakani unamaliza. Utaletewa karatasi za ajira ukiwa boom limekata na nauli huna. Utasaini tu? Siku hiyo ukiomba uongezewe laki moja, sidhani kama utapenda kuitwa msaliti.