KURA SI MAHARI: WAINGEREZA HAWAJAMSALITI MTU

Najua wengi mnakuja hapa kwa ajili ya stori za mastaa, nani kaachana na nani, nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Leo mnivumilie kidogo tuongee siasa, tena za ughaibuni, kwa sababu ya klipu moja ambayo imezunguka sana na kila mtu kanitumia.

Kuna dada yetu mmoja maarufu, jina naliweka kapuni, anaishi London miaka mingi. Baada ya matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uingereza wa tarehe 4 Julai 2024 aliingia mubashara akiwa amenuna kwelikweli. Kwa kifupi alisema Waingereza ni vigeugeu, hawana shukrani, jana wanamshangilia mtu na leo wanamtupa kama ganda la ndizi. Kwa maneno yake, ni wasaliti.

Waliomjibu wakagawanyika. Wengine wakasema kweli kabisa, mtu mwenye msimamo habadili chama. Wengine wakamgeukia yeye mwenyewe: wewe Mtanzania, uchaguzi wao unakuhusu nini?

Nianze na hao wa mwisho, maana hawajui. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura kwenye uchaguzi wao mkuu. Mtanzania yumo, Mkenya yumo, Mganda yumo, Mnyarwanda yumo. Kwa hiyo dada unamhusu sana tu. Na hata waziri mkuu aliyeangushwa, Rishi Sunak, mama yake kazaliwa Tanganyika na baba yake kazaliwa Kenya. Sio stori ya mbali kama mnavyodhani.

Sasa turudi kwenye hilo neno, usaliti. Mimi nalikataa, na nitawaambia kwa nini.

Ili uelewe kilichotokea Julai 2024 inabidi urudi Desemba 2019. Mwaka ule chama cha Conservative kikiongozwa na Boris Johnson kilipata viti 365, Labour wakaambulia 202. Kilichowashtua watu zaidi ni majimbo yenyewe yaliyoanguka. Kuna miji ya kaskazini na katikati ya England, miji ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda, ambayo waliiita ukuta mwekundu kwa sababu nyekundu ndo rangi ya Labour. Kule babu Labour, baba Labour, mjukuu Labour. Mtu anazaliwa nayo kama ambavyo huku mtoto anazaliwa anakuta nyumba nzima ni Yanga.

Bolsover kwa mfano. Mbunge wao alikuwa mzee Dennis Skinner, aliyewahi kuchimba makaa mwenyewe, na alikaa bungeni tangu 1970. Bishop Auckland hawakuwahi kuchagua mbunge wa Conservative tangu jimbo lianzishwe 1885. Sedgefield lilikuwa jimbo la Tony Blair, waziri mkuu mzima. Yote matatu yakaenda Conservative usiku mmoja.

Unajua waliambiwa nini wale wapiga kura? Wajinga. Hawajasoma. Wamedanganywa. Wasaliti wa baba zao waliokula vumbi la migodi. Watu waliokuwa wanasema wanawapigania maskini ndo waliokuwa wanawatukana maskini wale wale mtandaoni.

Wachache sana waliuliza swali la kawaida tu: hawa watu wameipa Labour kura miaka yote hiyo, wao walipata nini? Migodi ilifungwa, viwanda vikafungwa, vijana wakahamia mijini kutafuta kazi. Mwaka 2016 Bolsover watu 7 kati ya 10 walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, na miaka mitatu baadaye bado wanaambiwa subirini, labda tupige tena. Mtu ukimpenda miaka hamsini na hakusikilizi, siku ukifungasha virago yeye ndo analalamika umemsaliti! Jamani.

Boris, na vituko vyake vyote, kwenye hili alikuwa mjanja. Baada ya kushinda alisema wazi kwamba anajua wengine wamemwazima tu kura, na kwamba huenda mkono ulitetemeka kabla ya kuweka alama. Akaenda mpaka Sedgefield kushukuru. Kwa mdomo wake mwenyewe akakiri ana deni.

Ila wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kilichofuata mnakijua. Wakati wa korona wananchi wamekatazwa kukusanyika, watu wanazikwa na ndugu wachache, kumbe ofisini kwa waziri mkuu kuna mikusanyiko na vinywaji. Polisi wakampiga faini Boris, na Sunak naye ambaye wakati huo alikuwa waziri wa fedha. Boris akatoka mwaka 2022, akaingia Liz Truss. Serikali yake ikaleta bajeti ya kupunguza kodi bila kueleza pesa zitatoka wapi, paundi ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda. Siku 49 akawa ameondoka, akaingia Sunak. Mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja.

Halafu ikafika Julai 4. Conservative wakabaki na viti 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yao. Mwaka 2019 walikuwa na karibu kura milioni 14, safari hii milioni 6.8. Zaidi ya nusu imeyeyuka! Liz Truss mwenyewe, ambaye mwaka 2019 alishinda jimboni kwake kwa tofauti ya kura 26,195, safari hii kashindwa kwa kura 630. Bolsover na Bishop Auckland wakarudi Labour. Deni limedaiwa.

Hapa ndo dada anasema: unaona, vigeugeu! Leo bluu, kesho nyekundu.

Subiri kwanza dada yangu, tuhesabu vizuri. Labour wamepata viti 411, ushindi wa kutisha. Lakini kura zao ni milioni 9.7. Mwaka 2019 waliposhindwa vibaya walikuwa na zaidi ya milioni 10.2. Yaani wamepata kura chache kuliko mwaka walioaibika, na viti mara mbili. Inawezekanaje? Kule kila jimbo anachukua mmoja tu, anayeongoza hata kwa kura moja. Waliomkimbia Conservative walisambaa. Reform ya Nigel Farage imepata kura zaidi ya milioni 4 na viti 5 tu. Wengine wakaenda Liberal Democrats, waliopata viti 72. Na wengi walikaa nyumbani, maana waliojitokeza ni chini kidogo ya asilimia 60, wakati 2019 walikuwa asilimia 67.

Kwa hiyo hii picha ya nchi nzima kuamka asubuhi na kuipenda Labour haipo. Watu walichoka na aliyekuwepo. Kuna tofauti kubwa kati ya kumfukuza mpangaji na kumpenda mpangaji mpya.

Na kama unadhani Waingereza hawajui kushikamana na mtu, angalia Islington North, hapo hapo London kwa dada. Jeremy Corbyn ni mbunge wao tangu 1983. Labour walimkatalia kugombea kwa tiketi yao, akasimama kama mgombea binafsi, na kashinda kwa kura zaidi ya elfu 7. Wale watu wamemfuata mtu wanayemjua, nembo ya chama wameiacha. Huo uaminifu upo, ila una sababu. Na Leicester South, ambako Labour walijiona wako nyumbani, Jonathan Ashworth aliyetegemewa kuwa waziri kaangushwa na mgombea binafsi kwa kura 979, kwa kiasi kikubwa sababu ya hasira za watu kuhusu Gaza. Usiku ule ule Labour wanasherehekea, kuna mwenzao analia.

Kuna hoja ya upande wa pili naiheshimu. Kama kila mtu anahama kila uchaguzi, nani atajenga chama? Kuna watu wanagonga milango kwenye mvua wakati chama kiko hoi, bila posho wala camera. Bila hao hakuna chama. Sawa kabisa. Ila huyo ni mwanachama, kaapa mwenyewe. Mpiga kura hajaapa. Yeye kaombwa, kaahidiwa, kakubali.

Na hapa ndo mfano wa mpira unapotupoteza. Timu yako ikifungwa tano unaumia, unazima simu kukwepa matani, Jumatatu unaenda kazini maisha yanaendelea. Serikali ikiboronga kodi ya nyumba yako inapanda, hospitali unasubiri miezi, mtoto anakosa shule nzuri. Uvumilivu wa shabiki hauwezi kuwa sawa na uvumilivu wa mtu ambaye maisha yake yako mezani. Kumwambia huyo avumilie ili aonekane ana msimamo ni ukatili, samahani.

Nimalizie na usiku wenyewe, maana hii bado ni blogu ya burudani. Jimboni kwake Sunak alishinda, ila nyuma yake jukwaani alisimama mgombea aliyevaa pipa la taka kichwani, na pembeni YouTuber mmoja mgombea kashika karatasi yenye herufi L. Kesho yake akatoka kuaga, mkewe nyuma kashika mwavuli, na mtandao mzima ukawa unajadili gauni la mke, ile mistari mistari. Na mimi niliijadili, siwezi kuwadanganya.

Ila sikilizeni alichosema. Aliomba radhi. Akasema amesikia hasira zao na anabeba lawama ya kushindwa. Hakuwaita vigeugeu wala hakuwaambia hawana shukrani. Mtu aliyepoteza kazi mbele ya dunia nzima kawaheshimu waliomfukuza kuliko mashabiki wake walivyowaheshimu.

Na Keir Starmer naye asijisahau. Viti 411 kwa theluthi moja ya kura ni vitu vya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wale wa Bolsover wamemrudishia, hawajamwandikia hati. Akiwasahau, watakuja kuchukua chao, na nitakuwa hapa kuwatetea tena dhidi ya watakaowaita wasaliti.

Dada yangu, nakuheshimu na nitaendelea kukufuatilia. Ila umeipiga kura yako na uliyemtaka kashindwa, na jirani yako kaipiga yake. Usimnunie kwenye ngazi.

Haya wadau, nyie mnasemaje? Mtu akibadili chama ni msaliti au kafumbuka macho? Tiririkeni hapo chini. Hoja nyingi mnavyotaka, matusi nafuta.