Kufuli Hili Linamfungia Mnunuzi, si Mwizi

Kwa miaka mingi sasa wakubwa wa makampuni yanayotengeneza michezo ya kompyuta huko Marekani na Ulaya wamekuwa wakirudia hoja moja: kwamba kila nakala ya mchezo iliyoibwa ni fedha iliyotoka mfukoni mwao, na kwamba dawa yake ni kufuli kali zaidi. Hoja hiyo ina sura ya ukweli, kwani nani asiyejua kwamba duka lisilo na mlango halimfaidishi mwenyewe? Lakini hesabu yake ni ya uongo, na wanaolipa gharama ya uongo huo si wezi.

Kijana aliyejipatia mchezo kwa wizi si lazima awe kijana ambaye angeununua. Wengi hawana fedha hiyo. Wengine huuchukua kwa kuwa upo tu, wakaucheza dakika kumi na kuutupa. Mwaka 2015 Tume ya Ulaya ilikabidhiwa ripoti ya utafiti iliyoigharimu euro 360,000 juu ya jambo hili hasa. Ripoti hiyo haikupata ushahidi thabiti kwamba wizi wa nakala hupunguza mauzo, isipokuwa kwa filamu mpya zinazovuma. Kwa upande wa michezo ya kompyuta, makadirio yake yalielekea kinyume kabisa. Umma haukuiona ripoti hiyo mpaka mwaka 2017. Yafaa tujiulize: kama ingesema kwamba wizi unaua mauzo, je, ingekaa kabatini muda wote huo?

Tulitazame sasa kufuli lenyewe. Kampuni hutia ndani ya mchezo programu ya ulinzi inayohakikisha kwamba mchezo umelipiwa. Fundi mmoja hodari akishaivunja, huimwaga mtandaoni nakala iliyo wazi, na tangu siku hiyo wezi wote wanaofuata hawalioni tena kufuli hilo. Anayebaki nalo ni yule aliyelipa. Walimu wanamfahamu mwenzao wa namna hii, anayeingia darasani na kuwagombeza waliohudhuria kwa sababu ya watoro. Watoro hawamsikii.

Mwezi Septemba 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo wa Spore, uliokuwa ukingojewa kwa hamu kubwa, ukiwa umefungwa kwa ulinzi uitwao SecuROM. Mnunuzi aliruhusiwa kuusajili mara 3 tu. Akitaka mara ya 4, sharti aibembeleze kampuni, mithili ya mtu anayeazima jembe la jirani, ilhali jembe ni lake na amelilipia. Nakala za wizi zilikwisha kuenea hata kabla ya siku ya kuuzwa huko Marekani. Wanunuzi wenye hasira wakamiminika kwenye duka la Amazon, wakaupa mchezo nyota moja, maelfu kwa maelfu. Wengi hawakulalamikia mchezo, walilalamikia kufuli. Wengine wakaenda mahakamani. Mwaka ulipokwisha, Spore ulikuwa miongoni mwa michezo iliyoibwa kuliko yote. Na kampuni ilifanya nini? Ikaongeza idadi kutoka 3 hadi 5!

Wenzao wa Ubisoft hawakujifunza. Mwaka 2010 waliuza Assassin's Creed II kwa sharti kwamba kompyuta iunganishwe na seva za kampuni wakati wote wa kucheza. Intaneti ikikatika, mchezo unasimama. Mwezi Machi mwaka huohuo seva hizo zilishambuliwa, na watu waliolipa fedha zao wakabaki wakikodolea macho kioo kisichowajibu. (Sharti hilo lipelekwe katika mji wowote wa kwetu siku umeme unapokatika mara tatu, kisha tuambiwe nani atanunua.) Mwaka 2012 kampuni ilithibitisha kwamba imeliacha.

Haki inatutaka tuseme na la upande wa pili. Mwezi Mei 2012 mchezo wa Diablo III, nao ukiwa na sharti la kuunganishwa daima, uliwasumbua wanunuzi siku ya kwanza, lakini uliuza nakala zaidi ya milioni 3.5 katika saa 24. Tena, tangu mwaka 2014 upo ulinzi wa Denuvo, uliobuniwa Austria, ambao ni mgumu kweli kuvunjwa. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina alichunguza michezo 86 iliyolindwa hivyo, iliyotoka kati ya mwaka 2014 na 2022. Aliona kwamba ulinzi ukivunjwa katika wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa wastani wa kama asilimia 20. Hilo si dogo, na asiyelikubali anajidanganya. Lakini utafiti huo usomwe mpaka mwisho, jambo ambalo wapenzi wa makufuli hawalipendi: ulinzi ukivunjwa baada ya wiki 12, hasara karibu haipo. Baada ya hapo kufuli halimwokolei tajiri hata senti moja, na mtafiti mwenyewe alishauri liondolewe.

Wapo wanaoliondoa. Wengine huliacha miaka na miaka, likiilemea mashine ya mnunuzi. Mwaka 2021 ilidhihirika kwamba nakala ya wizi ya Resident Evil Village ilikwenda laini kuliko nakala halali, mpaka Capcom ikalazimika kutoa marekebisho mwezi Julai. Mwizi kapata bidhaa bora kuliko mteja! Biashara gani hiyo?

Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilichagua njia nyingine. The Witcher 3, uliotoka Mei 2015, uliuzwa tangu siku ya kwanza katika duka lake la GOG bila kufuli lolote. Anayetaka kunakili, anakili. Kufikia mwaka 2023 nakala milioni 50 zilikuwa zimeuzwa. Mpinzani atasema uliuzwa kwa sababu ni mchezo mzuri. Naam, ndivyo tusemavyo na sisi.

Kuna baya zaidi. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo ulioanza kuuzwa mwaka 2014, na hata waliokuwa wakicheza peke yao wakabaki na kitu kisichofunguka. Shamba limeuzwa, hati kabaki nayo muuzaji. Watu zaidi ya milioni 1 wa Ulaya wametia saini kupinga mwenendo huo, na tangu mwaka 2025 sheria ya California inamlazimu muuzaji aseme wazi kwamba anachouza ni leseni tu. Sheria ya pili inayohitajika ni ya kumlazimu aandike, pale pale penye bei, tarehe ambayo kufuli litaondolewa.