Ruqya na Sindano ya Mgongo Havipingani



Ndugu wazazi, mtoto akiangusha kichwa mara kwa mara mbele ya chakula, wengi wetu husema ni jini. Daktari akiomba kupima maji ya uti wa mgongo, tunakataa tukihofia atapooza. Kumbe sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale ugwe wa mgongo unapoishia.

Ugonjwa wa kutikisa kichwa umewatesa watoto wa Mundri na Maridi. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba katika maji hayo ya baadhi ya wagonjwa wa Uganda walikuta kingamwili zinazoweza kudhuru chembe za ubongo, na ambazo hutambua pia minyoo ya usubi. Chanzo bado kinajadiliwa. Lakini bila wazazi waliokubali, hata hilo tusingelijua.

Na mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa, maji hayo hayo huonyesha kama ni homa ya uti wa mgongo. Hapo kuchelewa siku moja kunaweza kumuua.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Basi tumsomee mtoto Qur'ani, na njia ya hospitali tuishike siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.