Mwalimu wa sayansi wa Kanyaruchinya afundishwe kutengeneza vifaa vyake

Kanyaruchinya, wilaya ya Nyiragongo – Kila mtoto wa hapa anajua neno mazuku. Anajua kwamba mbuzi akishuka kwenye shimo fulani asubuhi anaweza kufa bila jeraha. Lakini muulize mwanafunzi wa sekondari sababu yake, mara nyingi atajibu kwamba ni upepo mbaya tu. Na kwenye daftari lake ameandika vizuri, kwa Kifaransa, kwamba gesi kaboniki ni nzito kuliko hewa. Somo liko kwenye daftari, hatari iko shimoni, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ni kitu kimoja.

Kumwonyesha hakuhitaji maabara. Mwalimu anawasha kipande cha mshumaa ndani ya kopo. Kwenye chupa anachanganya maji ya ndimu na bikarbonati ya keki, povu linapanda, gesi inatoka. Kisha anainamisha chupa juu ya kopo polepole, bila kumwaga maji yake. Hakuna kinachoonekana kikishuka, lakini mshumaa unazimika. Mtoto aliyeona hivyo atafikiri mara mbili kabla ya kumfuata mbuzi shimoni. Jioni atawaeleza wazazi kwa nini si vizuri kulaza mtoto chini mahali palipobonyea.

Mafunzo ya walimu wa sayansi yangefaa kuwa ya namna hiyo. Programu mpya za hisabati na sayansi, zilizoanza katika mwaka wa saba na wa nane toka 2018, zinamtaka mwalimu aanze somo na hali ya maisha ya mwanafunzi. Hilo ni jambo jema. Lakini semina ambamo mkufunzi anasoma na walimu wanaandika haimfundishi mtu kutengeneza kitu. Kila mwalimu atoke kwenye semina na vifaa vitatu alivyotengeneza kwa mikono yake, akavijaribu mbele ya wenzake, vikakosea, akavirekebisha.

Vitu vya kutumia havikosekani. Chukudu zinazoshuka toka Kibumba na viazi ni somo la mteremko, msuguano na breki. Makoro yaliyo chini ya miguu ya kila mtu ni somo la volkano, na wanaokumbuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 wanajua uzito wake. Mawe hayo yenye vitundu yanaeleza pia kwa nini maji ya mvua yanazama, na kwa nini akina mama wanatembea mbali na bidoni.

Kuna sababu nyingine, na familia zilizohama zinaijua kuliko wote. Mwaka 2022 watu wa Rutshuru walifika Kanyaruchinya na walichoweza kubeba. Mwaka 2025 kambi zikatoka watu, wengi wakarudi Kibumba, Rugari, Kiwanja. Sanduku la vifaa kutoka ng'ambo halibebwi mgongoni pamoja na mtoto na godoro. Ujuzi wa mwalimu unabebwa. Popote atakapofika, hata chini ya hema, atapata chupa, ndimu na jiwe.

Wapo watakaosema kwamba hii ni njia ya kuwazoeza maskini umaskini, na kwamba watoto wa hapa pia wanastahili darubini na maabara. Wana haki, na madai hayo yasiachwe. Wala mwalimu asiyelipwa vizuri asiombwe kununua mshumaa kwa pesa yake: shule na mashirika yabebe gharama hiyo, ambayo ni ndogo. Lakini mtoto anayesoma leo hawezi kungojea maabara ijengwe. Mazuku hayangojei.

Basi wakaguzi, maprefe na mashirika yanayoandaa semina wajiulize swali moja: mwalimu akirudi darasani kesho yake, ataonyesha nini?