Mtoto Aliyekosa Darasani, Nani Amemuuliza?

Kila mwanzo wa mwaka magazeti yetu hutuonyesha picha ile ile, nasi hatuchoki kuitazama. Mtoto wa mashambani amejitwika sanduku la bati, mama yake yu nyuma na godoro, na mbele yao pana lango la shule ya sekondari. Watu hupiga makofi, na mheshimiwa hupigwa picha akikabidhi hundi ya basari. Kisha Januari hupita, na gazeti lile hufungiwa mahamri. Hakuna mwandishi, nami ni mmoja wao kwa hivyo najishtaki kwanza, arudiye katika shule ile muhula wa pili wa mwaka wa pili kuuliza: yule mtoto bado yupo?

MLANGO UMEPANUKA

Tusiwe watovu wa shukrani. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo katika shule za sekondari za kutwa, Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 kiasi hicho kikapandishwa hadi Sh22,244. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyafanya masomo kuwa haki ya mtoto na wajibu wa mzazi. Kisha ikaja ile sera ya asilimia mia kwa mia, kwamba kila amalizaye shule ya msingi aendelee. Kidato cha Kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia mwaka 2024, na Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wakaingia Gredi ya 10. Sisi tuliosoma zamani hatukuuona mlango mpana kama huu.

Walakini mlango si nyumba. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 walikuwapo watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani kiasi cha robo tu. Na hao, ndugu msomaji, ni wale waliofika katika chumba cha mtihani. Walioanguka njiani hesabu yao haisomwi siku ya kutangaza matokeo.

MPWA WANGU NA PIKIPIKI

Nitasema la kwangu, japo lanitia haya. Nina mpwa wangu niliyemlipia gharama za shule moja ya kutwa huko ndani ya Kilifi. Sare nilinunua, vitabu nilinunua, na pesa za chakula cha mchana nilizituma kwa simu tangu Januari. Nikajiona nimetimiza wajibu. Miezi ikapita. Siku moja nateremka kwenye matatu, natafuta pikipiki ya kunifikisha kijijini, na dereva anayeniitikia ni yeye, saa nne ya asubuhi, siku ya Jumanne.

Nikamuuliza, "Kwani leo hakuna shule?"

Akanijibu kwa adabu, macho chini: "Mjomba, mimi sikuacha siku moja. Nilikosa siku mbili, mama alikuwa mgonjwa. Nikaongeza ya tatu, kwa kuwa niliona haya kurudi. Wiki ya pili nikasema, lau wananitaka, wangaliniulizia."

Sikuwa na la kumjibu, kwani mimi pia sikumuulizia.

Tangu siku hiyo nimezungumza na wazazi na walimu wengi, na habari ni hiyo hiyo kwa sura mbalimbali. Huyu alitumwa nyumbani kufuata salio la karo, akapata kibarua njiani. Yule alikosa Jumatatu kwa kufuata maji, kwani kisima chao kilikauka. Msichana mwingine alianza kukosa asubuhi moja moja, na hakuna aliyemuuliza hata mimba ilipoonekana. Mtoto haachi shule kwa siku moja. Huiacha kidogo kidogo, kama dau lililolegea kamba: mwanzo lasogea pima moja, na ukishtuka liko mkondoni.

DESTURI YA CHUONI

Kabla ya kuingia skuli nilisomeshwa chuoni, kwa ubao na wino. Mwalimu wetu hakuwa na daftari la mahudhurio. Lakini mahala pako pakiwa wazi mkekani, hata adhuhuri haikufika kabla ya wavulana wawili wakubwa kuja kubisha hodi kwenu. Kama mama alikuwa mgonjwa, mwalimu alikuja mwenyewe jioni kumjulia hali. Kama ni yatima, ada yake haikudaiwa. Na hakuna aliyevukishwa sura ya pili pasi na kuimudu ya kwanza; aliyetangulia alimsomesha aliye nyuma.

Fimbo ya mwalimu yule siisifu, na waliotoroka kwa sababu yake nawajua. Nalisifu jambo moja tu: mtoto akikosa, aliulizwa siku ile ile. Chuo kile kilikuwa maskini kuliko shule yoyote ya leo, na jambo hilo halikukigharimu hata senti.

PWANI NYINGINE

Pengine msomaji atasema hayo ni ya kale, shule ya sekondari ya mashambani ni mambo mengine. Basi na tuende Pwani. Si Pwani yetu hii ya minazi, bali kijiji kiitwacho Pwani katika kaunti ya Nakuru, palipo na shule ya kutwa ya Keriko. Huko ndiko alikofundisha Mwalimu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyetunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, Dubai, Machi 2019.

Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Karibu thuluthi moja ya watoto walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja, na wengine walitembea kilomita 7 kwa njia isiyopitika wakati wa mvua. Mwaka 2017 waliokwenda vyuoni walikuwa 16 kati ya 59. Mwaka 2018 wakawa 26. Idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu kwa miaka mitatu, ikafika 400.

Dawa ilikuwa nini? Yeye na wenzake wanne waliwafundisha waliobaki nyuma, mmoja mmoja, nje ya saa za darasa na mwisho wa wiki. Wakaanzisha chama cha kukuza vipawa na kukipanua cha sayansi. Na mwalimu huyo alikwenda kwa miguu yake katika nyumba za watoto waliokaribia kuacha shule, akazungumza na wazazi, khasa waliotaka kuwaoza binti zao mapema. Ndiyo desturi ile ile ya chuoni.

YATAKIWAYO

Sisemi kwamba fedha si kitu. Tumbo tupu halifundishiki, na mgao wa serikali haumpi mtoto wa kutwa chakula cha mchana. Basari za maeneo bunge tunazo tangu mfuko wa CDF ulipoanzishwa mwaka 2003, na za kaunti zikafuata. Lakini hundi ifikayo baada ya mtoto kufukuzwa ni dawa iletwayo matangani.

Ninalosema ni kwamba kila shule ya mashambani iweke mtu mmoja, mwalimu au mzazi, ambaye kazi yake ni kuulizia. Mtoto akikosa siku mbili, simu ipigwe. Akikosa ya tatu, mtu aende kwao, pamoja na mzee wa mtaa au imamu au mchungaji. Msichana aliyejifungua aambiwe waziwazi kwamba kurudi shuleni ameruhusiwa tangu mwaka 1994, na kwamba mwongozo wa mwaka 2020 umelitilia nguvu jambo hilo, kwani wengi hawajui. Na aliyemaliza asinyimwe cheti kwa deni la karo. Serikali imekwisha kuwaamuru walimu wakuu mara kadhaa, na bado vyeti vimefungiwa makabatini.

Nasi tunaolipa karo tusidhani risiti ndiyo malezi. Mpwa wangu nimeanza kumshawishi arudi. Amesema atafikiri. Safari hii namuulizia kila wiki.

Mlango mmefungua, watoto wakaingia,
Na idadi mwaijua, magazeti yatwambia,
Bali anayepungua, ni nani amwulizia?
Basi pigeni hatua, kwao mkamwangalia.