Acheni Hiyo Skrubu! Pimeni Sensa Kwanza

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Wale mliozoea kusoma hapa habari za Linux na hifadhidata msikimbie. Mada ya leo ni kompyuta pia, ila hii inakaa chini ya dashibodi na kazi yake ni kuamua injini ipewe petroli kiasi gani, na lini.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: ukiweka injini nyingine kwenye gari lako, au ukiibadilisha injini uliyonayo, kompyuta ya kiwandani inachanganyikiwa. Haikuandikwa kwa ajili ya injini hiyo. Ndiyo maana watu hununua kompyuta ya pembeni. MegaSquirt, iliyoanzishwa na Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001, iliuzwa kama vipande unavyochomelea mwenyewe. Siku hizi kuna Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino Mega na ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Unachomeka laptopu, unafungua TunerStudio, na kila kinachoendelea ndani ya injini unakiona kwa tarakimu.

Sasa hasira yangu ni hii. Tumepewa chombo cha kupimia, na sisi tunakitumia kubahatisha. Kuanzia Karatina mpaka Nanyuki utaratibu ni ule ule. Fundi anapakia faili alilolitoa mtandaoni, injini inawaka, halafu haitulii. Gari likisimama, mshale unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, kisha injini inazima. Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skrubu ya throtoli mpaka injini ingurume juu juu, anasema "imekubali", analipwa. Mteja anaondoka na furaha ya siku mbili.

Mimi nasema haijakubali. Imenyamazishwa. Injini isiyotulia ni injini inayolalamika kwamba imepewa habari za uongo, na habari hizo zinatoka kwenye sensa (si ile ya kuhesabu watu) ambazo hakuna aliyezipima. Kutulia ndilo jambo la mwisho kurekebishwa. Ukilianza hilo, kila utakachofanya baadaye kinasimama juu ya uongo.

Kazini kwetu mtu akinakili mipangilio ya seva ya kampuni nyingine, akaibandika kwenye seva yetu bila kusoma hata mstari mmoja, ataitwa ofisini. Kwenye gari tunamwita mtaalamu.

Tuanze na kile kinachotufanya sisi wa Mlima Kenya tuwe tofauti: hewa. Mafaili mengi ya mtandaoni yalitengenezwa karibu na usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na hapa mgandamizo ni kama 82. Nanyuki, iliyo zaidi ya mita 1,900, ni kama 80. Maana yake, tundu lile lile la vali ya kutulia linalopitisha hewa ya kutosha Mombasa, likifika Nanyuki linapitisha pungufu ya karibu moja ya tano. Injini inakosa pumzi, mzunguko unashuka, inazima. Vali ni nzima, skrubu haina kosa. Kosa ni tarakimu iliyoandikwa na mtu aliyekuwa ufukweni.

Na kama faili hilo linakadiria petroli kwa kuangalia throtoli imefunguka kiasi gani peke yake, bila kuuliza mgandamizo wa hewa, basi hali ni mbaya zaidi. Hewa imepungua, petroli imebaki vile vile. Petroli inazidi kwa karibu robo. Wazee watakwambia hili si jipya: kabureta iliyopimwa pwani ikiletwa huku juu hulewa petroli. Tofauti ni kwamba kabureta haikuwa na njia ya kukueleza. Kompyuta inayo, ila hatuiulizi.

Kuiuliza ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha tazama sensa ya mgandamizo inasema nini. Ukiwa Nyeri inatakiwa ionyeshe 82 hivi. Ikionyesha 101, au 70, simama hapo hapo. Usiguse kitu kingine. Ama umechagua aina ya sensa isiyo yako kwenye programu, ama waya una matatizo, ama sensa imekufa. Tahadhari moja: usilinganishe na tarakimu ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Ile huwa imerekebishwa iwe kana kwamba uko baharini, kwa hiyo itakwambia kama 101 hata ukiwa Naro Moru. Nimeshaona mtu "akisahihisha" sensa nzima kwa kufuata utabiri.

Kuna na hili. Mpangilio wa kawaida kwenye kompyuta hizi ni kusoma mgandamizo wa nje mara moja tu, pale unapowasha swichi, na kuukumbuka safari nzima. Kwa mtu anayeishi nchi tambarare hilo halina neno. Sasa wewe washa gari Nanyuki, pita Timau, kisha teremka mpaka Isiolo, iliyo karibu mita 1,100, bila kuzima. Unafika kwenye hewa ya kilopaskali 89 huku kompyuta ingali inaamini uko kwenye 80. Dawa yake ni sensa ya pili inayosoma hewa ya nje muda wote, na programu ina nafasi yake tayari. Mafaili mengi ya kunakili yameizima, kwa sababu aliyeyaandika hakuihitaji. Sisi tunaihitaji kuliko watu wengi duniani.

Twende kwenye sensa ya joto la maji. Hii ni rezista ambayo upinzani wake hushuka joto likipanda, na kompyuta ina jedwali la kugeuza upinzani kuwa digrii. Jedwali linalokuja tayari mara nyingi ni la sensa za General Motors. Sensa ya kawaida ya Toyota kwenye digrii 20 ina omu kama 2,450, na ile ya General Motors ina kama 3,500. Lakini kwenye digrii 80 zote mbili zinakaribiana, omu mia tatu na kitu. Mtego ndio huo! Injini ikiwa moto kila kitu kinaonekana sawa, fundi anaridhika. Kesho yake alfajiri, mwezi wa Julai, Nyeri iko digrii 10, kompyuta inasoma karibu 19, inatoa petroli kidogo na kuifungua vali kidogo, na injini inazima mara tatu kabla ya kutoka getini. Mteja anapiga simu. Jibu analopewa: "Hiyo ni baridi tu, kanyaga mafuta kidogo."

Hapana. Itoe sensa, ipime kwa mita kwenye barafu inayoyeyuka, kwenye maji ya bomba yaliyopimwa kwa kipimajoto, na kwenye maji yanayochemka, kisha andika tarakimu zako tatu kwenye programu. Kazi ya nusu saa na sufuria moja. Ila kumbuka uko wapi: Nyeri maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, wala si 100. Ukiandika 100 kwa sababu kitabu cha sayansi kilisema hivyo, umejiundia uongo mpya kwa mikono yako.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Sensa ikisumbua, wanaikata na kuweka rezista ya shilingi chache mahali pake, ili kompyuta iamini maji yako digrii 80 milele. Kweli, injini itatulia. Lakini kama feni ya radieta inaamrishwa na kompyuta hiyo hiyo, haitawaka kamwe, kwa sababu kwa maarifa yake maji hayachemki. Mwenye gari atajua ukweli akiona moshi kwenye boneti, na kufikia hapo silinda hedi imeshapinda.

Sasa turudi kwenye skrubu. Kompyuta huamua kwamba dereva ameondoa mguu kwa kusoma sensa ya throtoli. Ikisoma sifuri, inashika usukani wa kutulia: inafungua vali, inafunga, inasogeza cheche mbele na nyuma kidogo mpaka mzunguko ukae. Ukizungusha skrubu, throtoli haifungi tena. Sensa inasoma asilimia 3 au 4. Kompyuta inaamini mguu uko juu ya kanyagio, na inajitoa kabisa kwenye kazi ya kutulia. Yaani umelipia mtambo wa kudhibiti mzunguko, halafu umeufukuza kazi kwa bisibisi. Ndiyo sababu gari la namna hiyo likiwa baridi linazima, likipata moto linanguruma mizunguko 1,500 na kukusukuma mbele kwenye foleni ya Karatina.

Kama hujaona bado kwa nini napiga kelele, fikiria mteremko. Ukiondoa mguu ukishuka, kompyuta hukata petroli, kisha huirudisha mzunguko ukikaribia chini. Ikiirudisha kwa kuchelewa, huku vali imefungwa kwa tarakimu za kukisia, injini inazima gari likiwa linatembea. Busta ya breki inategemea mvuto wa injini; ukikanyaga mara mbili tatu msaada umekwisha, na kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usukani wa haidroliki nao unakuwa mzito. Barabara zetu huku ni milima na kona, na matatu iko nyuma yako. Hapo ndipo tunapofahamu kwamba "kutulia" halikuwa jambo la urembo.

Utaratibu sahihi si siri. Sensa ya mgandamizo, sensa za joto, kisha throtoli ikiwa imefunga na ikiwa wazi kabisa. Halafu hakikisha wakati wa cheche kwa taa ya taimingi, maana tarakimu ya kwenye skrini haina maana kama haifanani na alama kwenye puli. Kisha jedwali la petroli, kwa msaada wa sensa ya oksijeni. Halafu vali ya kutulia kwa mkono, ukiandika inavyotakiwa kufunguka kwa kila joto, kuanzia injini baridi mpaka moto. Mwisho kabisa ndipo unaruhusu kompyuta ijisahihishe yenyewe. Ukiiruhusu mapema, itaficha makosa yako kwa muda, kisha siku utakapowasha eyakondishena na taa zote itafika ukomo wake na kukuaibisha.

Najua utetezi. Wa kwanza: mteja hataki kulipia saa sita. Sawa, lakini je, umemweleza anachonunua? Mwambie bei mbili, ya kupima na ya kukisia, uone atachagua ipi. Wa pili: "mbona magari mengi yanatembea hivyo hivyo?" Yanatembea, ndiyo. Hata programu yenye hitilafu mia hufunguka. Wa tatu una uzito: si kila gari linahitaji kompyuta hizi. Nakubaliana nao kabisa. Kama injini yako ni ya kiwandani na iko nzima, iachie kompyuta yake, wale wahandisi walikaa miaka wakiipima. Lakini ukishaamua kuiondoa, umechukua kazi ya wale wahandisi. Huwezi kuchukua kazi yao bila kuchukua mita yao.

Na jambo moja la mwisho linalonikera: mafundi wanaokataa kumpa mteja faili la gari lake mwenyewe. Vyombo hivi vilitengenezwa na watu waliochapisha michoro na msimbo wao ili wengine wajifunze. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri na kinafundisha uhandisi wa mekatroniki. Tungekuwa na mafaili yaliyopimwa kwenye mwinuko huu, yakiwa na maelezo ya sensa gani ilitumika na ilipimwa vipi, tusingekuwa tunaomba tarakimu za watu wa ufukweni.

Kwa hiyo ukipeleka gari lako wiki hii, uliza swali moja kabla ya kutoa pesa: "Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, mgandamizo unasoma ngapi?" Akijibu 82, kaa naye. Akichukua bisibisi, chukua ufunguo wako uende.